Kamera Iliyokula Wakubwa

Mkifika Garsen mkauliza nyumba ya Buya mpiga picha, watu watakunja uso kwanza wakijaribu kukumbuka. Ulizeni nyumba ya Fundi Nusu. Hapo hata anayepita na mbuzi wake atawaleta mpaka mlangoni, na njiani atacheka kidogo. Jina hilo nilipewa kabla sijaoa, na mke wangu alilikuta likimsubiri nyumbani. Wajukuu wangu wanadhani naitwa hivyo kwa sababu mimi ni mfupi. Nimewaacha wadhani hivyo, maana ufupi si aibu.

Lakini nyinyi mmenijia na swali la kazi. Mnataka kununua kamera kuukuu, zile zenye kioo ndani, ambazo ukichungulia unaona kwa lenzi ile ile inayopiga. Mmesikia kwamba mzee huyu alizishika miaka ya hamsini, wakati wenzake wengi hapa mtoni walikuwa hawajaona hata picha yao wenyewe. Mmenitajia bodi tatu, yaani kamera zenyewe ukiacha lenzi, mlizoziona mjini, mnauliza mchukue ipi. Vijana wangu, mimi pia niliwekewa bodi tatu mezani nikaambiwa nichague. Siwezi kuwajibu bila kupitia hapo, ingawa ningependa sana kuwe na njia nyingine.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Jilo, ndugu wa mama. Alikuwa na kamera ya sanduku, na nyuma ya nyumba alikuwa na kijumba cha udongo kisicho na dirisha alimosafishia picha. Maji ya Tana mnayajua, ukiyachota yana rangi ya chai ya maziwa. Ukisafisha mkanda kwa maji hayo kila sura hutoka na ndui. Mjomba aliyatia shabu, akayaacha yatulie mtungini, kisha akayachuja kwa kipande cha kanzu iliyozeeka. Mtungi wenyewe uliyaweka baridi hata nje jua likiwa linachoma, na baridi hiyo ndiyo inayotakiwa na dawa ya picha. Baadaye nimeona studio za mijini zenye majokofu zikipika mikanda ya watu kama maharagwe, nikamkumbuka mjomba na mtungi wake.

Mtoto wa jicho alipomwingia, mjomba aliamua kazi iwe yangu, na kwamba sanduku lake limeshatosha. Mombasa alikuwako rafiki yake wa zamani, Mzee Athumani, fundi wa saa aliyekuwa akiuza na kamera zilizotumika. Mjomba alipata habari kwamba ana bodi tatu za kioo cha ndani. Akanituma nikachague moja, na kabla sijaondoka akanikalisha chini.

"Ukifika, fungua mgongo wake," aliniambia. "Toa lenzi. Weka kasi ya juu kabisa, elekeza kwenye mwangaza wa mlango, jicho lako liwe kwa nyuma, kisha bonyeza. Kidirisha chote kimulike, ncha hii mpaka ncha ile. Upande mmoja ukibaki giza, hiyo rudisha, hata iwe ya dhahabu."

"Na nikijaribu kwa kasi ndogo?"

"Kwa kasi ndogo kila kamera ni mtu mwema, Buya. Ukitaka kuijua, ikimbize."

Hebu niwaeleze kwa nini, maana wengi wenu mnabonyeza tu bila kujua ndani kuna nini. Nyuma ya kioo kuna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hukimbia kufungua mwanga, la pili hulifuata kufunga. Kasi ikiwa ndogo, la pili husubiri mwenzake afike. Kasi ikiwa kubwa yanakimbia yakiwa yamefuatana, na katikati yao kuna ufa mwembamba tu. Sasa la kwanza likiwa limechoka, la pili hulikamata kabla ya mwisho wa safari, ufa unafungwa, na kipande cha mwisho cha picha hakipati mwanga hata chembe. Wewe mpiga picha hutajua. Ulipochungulia uliona watu wote, kwa sababu jicho lako linaonyeshwa na kioo, na mapazia hayana habari na kioo. Mkanda ndio utakaokuja kukwambia, na wakati huo watu wameshatawanyika.

Haya yote niliyajua nilipoingia dukani kwa Mzee Athumani. Ndiyo maana nasema ujuzi peke yake hautoshi.

Mzee alinipokea kama mwanawe. Ndani kulikuwa na benchi, na juu yake wazee watatu wa mtaa wakinywa kahawa. Akawasogeza ili nipate kukaa. Nilikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope, na wao wana kanzu zinazometa. Nikapewa kikombe cha kahawa na kashata mkononi, nikaulizwa hali ya mjomba, hali ya mto, hali ya macho ya mjomba tena. Kisha mzee akatandika kitambaa cha kijani juu ya meza, akaziweka kamera zote tatu.

Ya kwanza ilikuwa imechubuka pembe zote mpaka shaba ikaonekana. Ilikuwa ya mtu wa kupima barabara, na kwenye mikunjo ya ngozi yake bado kulikuwa na vumbi jekundu. Ya pili skurubu zake zilikuwa zimetafunwa vichwa, dalili kwamba kuna mtu aliyeifungua bila kuwa na bisibisi ya sawasawa. Hiyo niliiacha, na hapo nilikuwa sahihi. Skurubu iliyotafunwa ikimbieni mpaka leo. Ya tatu ilitoka ndani ya mfuko wa ngozi ikang'aa kama kitu cha arusini. Mwenyewe alikuwa ameiweka kabatini miaka, hakuitumia. Nilipoinusa ilikuwa na harufu ya nguo za sandukuni.

"Zifungue, mwanangu," Mzee Athumani akasema. "Zitazame utakavyo. Kamera hazikimbii."

Wale wazee watatu wakaacha kuzungumza, wakanitazama. Kinywani nina kashata ya mwenye duka, na mkononi kahawa yake. Nikajiona ninavyoinua kamera ya mtu aliyenipa kiti, naifungua mgongo mbele ya rafiki zake, naichungulia kama polisi anayepekua mfuko. Kwetu tumelelewa hivi: mtu akikukaribisha humkagui. Ukila chakula chake hufukui chungu kutafuta mchanga. Nikasikia masikio yanapata moto.

"La, mzee wangu," nikasema. "Wewe ukiniambia ni nzima, basi ni nzima."

Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Mmoja akasema, "Huyu kalelewa." Nami nikachukua ile inayong'aa, nikaifunga kwenye kikoi, nikatoka dukani nikijisikia mtu mwenye adabu kuliko wote Mombasa.

Katika lori la kurudi nilikaa na Dido, Muorma aliyekuwa akinunua ng'ombe kwetu na kuwauza pwani. Tulijuana kwa sababu mjomba aliwahi kumpiga picha akiwa na fahali wake, na yeye akakasirika kwamba fahali ametoka mzuri kuliko yeye. Akaniomba aione kamera. Akaigeuza, akaipiga kofi kidogo mgongoni.

"Imenona hii," akasema. "Umefungua mdomo yake?"

"Kamera haina mdomo, Dido."

"Kila kitu ya kuuza iko na mdomo. Wewe nanunua bila kuangalia meno?"

"Nilionea haya. Mzee amenikaribisha kahawa."

Dido alicheka mpaka akashika ubao wa lori asianguke. "Haya! Mimi ng'ombe ya baba yangu mzazi naangalia meno! Naangalia, nalipa, halafu nakunywa maziwa na yeye. Baba nafurahi, anajua mtoto yake si mjinga." Akairudisha kwenye kikoi. "Sikia. Ng'ombe ya kukaa tu nyumbani inanona, inang'aa. Lakini peleka yeye safari, analala njiani. Ile ya mifupa, yenye nimetembeza kiangazi mbili, hiyo nafika."

Nilimcheka kimoyomoyo. Mtu wa ng'ombe ataniambia nini kuhusu kamera? Tangu siku hiyo sijasikia maneno bora ya kuchagua bodi kuukuu kuliko hayo, na nimesoma vitabu. Kamera iliyokaa bure kitambaa chake hukauka, mafuta yake hugeuka gundi. Ile iliyochubuka imechubuka kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu anayeitegemea, na aliendelea kuitegemea.

Nilipofika Garsen mjomba aliipokea kwa mikono miwili. Aliipapasa, akaitegesha, akaiweka sikioni, akabonyeza kwa kasi ndogo. Akatabasamu. Akapandisha kasi, akabonyeza tena. Tabasamu likaondoka.

"Inakohoa ikikimbizwa," akasema. "Uliifungua mgongo?"

Nikatazama miguu yangu. Hakuona, lakini kimya changu alikisikia. Hakunigombeza. Jioni ile ile kulikuwa na lori la Hola, na mvua za juu zilikuwa zimeanza kukata barabara, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kuijaribu kwa mkanda. Nilikuwa nangojwa kwenye arusi katika kijiji cha mtoni, karibu na Hola. Mjomba akaniambia, "Piga kwa kasi ndogo tu. Na sanduku langu lichukue, upige nalo pia."

Nililibeba lile sanduku mpaka mlangoni. Hapo nikajifikiria nikiingia arusini, kwapani kisanduku cheusi kilichofungwa uzi, mbele ya bwana arusi mfanyabiashara. Nikaona haya. Nikaliweka nyuma ya mlango.

Bibi arusi aliitwa Hawa. Mama yake, Bi Halako, alikuwa mjane aliyelima shamba lake mwenyewe ukingoni mwa mto, na mtoto wa kike alikuwa na huyo mmoja tu. Bwana arusi, Abdi, alikuwa kijana wa Kisomali wa duka, na watu wake wako Kismayu. Walishindwa kufika kwa sababu ya mafuriko, alikuja mjomba wake mmoja tu na rafiki zake. Baada ya arusi Hawa angechukuliwa Kismayu, na Kismayu wakati ule kwa mama wa mtoni ilikuwa mbali kama Maka. Bi Halako alinishika mkono kabla hata sijaweka mzigo chini.

"Mwanangu, nipige na huyu," akasema. "Nataka nimuone akiwa hayuko. Na kule ukweni waone ametolewa na watu."

Abdi naye akaniambia hivyo hivyo kwa maneno yake. Mama yake alitaka kuona mkwewe ametoka nyumba gani, wazee wake ni nani, kaozwa vipi. Picha zangu ndizo zingekuwa macho ya ukoo mzima. Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka sanduku la nyuma ya mlango, lakini nilikuwa nimeshavimba kichwa.

Mjomba alikuwa na kanuni moja ya kupanga watu, na katika bonde lote la mto watu walimheshimu kwa ajili yake. Mkubwa hukaa kuume. Awe baba, awe sheikh, awe mama wa bibi arusi, humsimamisha mwisho wa mstari, mkono wa kulia wa wengine. Mimi nikaifuata kanuni hiyo kwa ukamilifu. Sheikh kuume. Wazee wa kijiji kuume. Mjomba wa Abdi kuume. Na kamera ile ilikuwa ya kuchungulia kwa juu, unaishika tumboni na kuinamisha kichwa, huwezi kuigeuza ikasimama wima. Kwa hiyo kila picha ilikuwa ya ulalo, na kuume daima kulikuwa upande ule ule.

Kuhusu kasi, nilianza na ndogo kama nilivyoambiwa. Kisha ngoma ikaanza, vijana wakawa wanaruka, mtu mmoja akaniuliza kama mashine yangu inaweza kuwashika hewani. Nikamwambia hii inashika hata nzi. Nikaipeleka kasi mpaka mwisho, nikafungua lenzi kulingana nayo, nikabonyeza. Ikakohoa. Watu wakashangilia. Nikaiacha hapo hapo kwenye ile kasi. Picha zote muhimu, za wazee, za sheikh, zilipigwa baada ya hapo. Na ya mwisho kabisa, Bi Halako na Hawa wawili tu, mama kuume, mkono wake umelala kwenye bega la mwanawe.

Kesho yake Hawa aliondoka na mumewe.

Niliposafisha ule mkanda, mjomba alikuwa amekaa nje ya kijumba akisubiri. Nilitoka nao unadondosha maji, nikauinua kwenye jua. Pasipoingia mwanga, mkanda unabaki mweupe kama kioo cha dirisha. Kila picha tangu nilipopandisha kasi, upande mmoja, ilikuwa dirisha.

"Imekuwaje?" mjomba akauliza.

"Dawa labda ilikuwa dhaifu."

"Upande mmoja?"

"Ndiyo."

"Ule ule, kila picha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi si dawa. Dawa haina adabu ya kuchagua upande." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Uliwasimamisha wapi wakubwa?"

Jibu alilijua. Alikuwa ndiye aliyenifundisha.

Fikirini wenyewe, vijana wangu. Ngoma ipo, watoto wapo, sinia za wali zipo, bwana arusi na marafiki zake wamejaa tele, lakini mzee hata mmoja hayupo. Sheikh amebaki goti tu. Ilikuwa arusi ya msichana aliyetoroka nyumbani akaolewa na kundi la vijana porini. Na hivyo ndivyo watu wa Garsen walivyosema picha zilipozunguka, maana hapa kwetu kitu cha kuchekesha hakifichiki. Kamera ya Buya inakula wakubwa, walisema. Wengine walinisalimia kwa mkono mmoja na kuuficha mwingine. Jina la Fundi Nusu lilizaliwa wiki hiyo, chini kivukoni, kati ya watu wanaovuta kamba, na likavuka ng'ambo kabla yangu.

Nilitaka kumpa dereva wa lori amfikishie Bi Halako picha zake. Mjomba alikataa. "Aibu haitumwi kwa mtu," akasema. "Ipeleke mwenyewe."

Nilimkuta shambani akipalilia mahindi. Alinawa mikono mara mbili, akaifuta kwenye leso, ndipo akapokea. Alikuwa hajawahi kuona picha yake maishani. Akaitazama ile ya wawili, uso ukamchangamka. "Hawa," akasema. "Hawa wangu huyu. Tazama anavyonuna!" Kisha macho yake yakaanza kutembea juu ya karatasi, yakaenda pembeni, yakarudi, yakashuka chini.

"Na mimi niko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Palipobaki weupe kwenye mkanda, karatasi hutoka nyeusi, na kutoka kwenye giza hilo ulitokeza mkono tu, vidole vinne vyenye hina juu ya bega la Hawa. "Huo ni wako, mama."

Akaulinganisha na mkono wake. Akacheka kidogo, kisha akaufunika mdomo kwa leso. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Njia nzima kutoka Garsen nilikuwa nimeyapanga matusi yote anayoweza kunitukana, na kila moja nilikuwa nimelikubali. Yeye akanitazama kwa haya, mtu mzima kama mama yangu, akaniuliza:

"Kwani mimi nilisimama vibaya?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Ilikuwa kazi ya kusema maneno machache tu: hukukosea kitu, mimi ndiye niliyekosea, sikuifungua kamera dukani. Sikuyasema. Nikasema, "Ni kamera, mama," nikasema kwa namna ambayo ingeweza kuwa na maana yoyote. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niende nikale, kuna samaki. Nikala samaki wake. Hata nakala za Kismayu alisema nizipeleke vile vile, bora mwanawe awe na mkono wa mama kuliko kukosa.

Baada ya hapo nilirudi Mombasa na ile kamera. Mzee Athumani alinisikiliza, akanimiminia kahawa, wazee wale wale wakiwa kwenye benchi lile lile. Akaniwekea mbele ile iliyochubuka. Safari hii nilikiweka kikombe chini, nikafungua mgongo, nikatoa lenzi, nikaelekeza mlangoni. Nikabonyeza. Kidirisha kikamulika chote. Nikarudia na kurudia. Nikatazama kitambaa cha mapazia kama kina vitundu, nikapitisha kidole kwenye njia ya mkanda kama kuna kitu cha kukwaruza, nikatikisa mdomo wa lenzi kama unacheza.

"Ungefanya hivyo siku ile ningeshukuru sana, mwanangu," mzee akasema, bila hasira. "Macho yangu hayaoni mapazia siku hizi. Kila anayekuja namwambia afungue atazame, nipate kujua nauza nini. Wewe ukaniambia unaniamini. Sasa nikufanyeje?"

Kumbe mzee alikuwa akiniomba msaada, na mimi nikamjibu kwa adabu. Niliinama pale nikatamani ardhi ipasuke.

Kamera ile ya mpima barabara nilifanya nayo kazi mpaka watoto wangu wakaenda shule. Mjomba alifariki akiwa ameizoea sauti yake. Alikuwa akikaa nje ya kijumba akiisikiliza nikiijaribu kila asubuhi, akisema, "Hiyo imeamka."

Sasa niwaambie kuhusu Hawa, kisha mwende mkachague kamera yenu.

Alikuja studio yangu hapa Garsen miaka mingi baadaye, wakati bendera ilikuwa imeshabadilika. Alikuwa mama mzima, amekuja na binti zake watatu kuwaonyesha kwao mtoni. Mimi sikumtambua. Alitaka picha ya familia. Nikawapanga kama nilivyofundishwa, mama kuume, binti wakifuatana. Nilipoinama kuchungulia, nikaona wote wanne wamesukumana katikati kama mbuzi wanaokwepa mvua. Nikawapanga tena, wakarudi tena. Mdogo wao alikuwa akicheka.

"Mama, sogea kidogo kuume," nikamwambia.

"Hapana, fundi. Sisi kwetu hatusimami pembeni."

"Kwa nini?"

"Marehemu mama yangu alikosea kusimama siku ya arusi yangu," akasema. "Picha ikamwacha. Kule ukweni waliniuliza miaka kama nilitoroka, wazee wangu wako wapi, na mama mbona ni mkono tu. Nilipomletea habari hizo alilia. Akasema kosa ni lake, alisimama pembeni sana, mshamba hajui picha. Mpaka anakufa alikuwa akiwaambia hawa wajukuu: mkipigwa picha ingieni katikati, pembeni mtu huliwa."

Akafungua mkoba, akanionyesha. Ilikuwa imekatika kona, lakini vidole vinne vilikuwa pale pale.

Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Wale wasichana wakadhani naumwa. Nikamwambia mama yao mimi ni nani. Nikamwambia habari za kahawa, kashata na wazee wa benchi, na sanduku nililoliacha nyuma ya mlango, na ile kasi niliyoipandisha ili nisifiwe na mcheza ngoma. Nikamwambia mama yake alisimama vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga, na kwamba aliniuliza swali lile mwenyewe, shambani kwake, nami nikala samaki wake bila kumjibu. Sikumwomba radhi. Aliyestahili kuombwa alikuwa kaburini.

 Hawa aliitazama ile picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nadhani alikuwa akifikiria mama yake, miaka yote ile, akiwafundisha wajukuu namna ya kusimama.

"Na hiyo uliyoshika sasa," akasema mwishowe, "umeiangalia?"

Niliifungua mgongo mbele yake. Nikatoa lenzi, nikaweka kasi ya juu kabisa, nikamwita aje asimame nyuma yangu aweke jicho. Nikabonyeza kuelekea mlangoni. Akasema, tena. Nikabonyeza tena. Alinifanya nibonyeze mpaka aliporidhika, na sikuona haya hata kidogo, haya zangu zote zilikuwa kwingine.

Ndipo nikatia mkanda. Hawa akawapanga binti zake mwenyewe, kisha akaenda akasimama kuume, mwisho kabisa, pembeni. Akauweka mkono wake kwenye bega la mkubwa wao.

"Piga," akasema.

Niliisafisha picha hiyo siku ile ile kwa maji ya mtungi, wao wakiwa wanangoja nje, pale alipozoea kukaa mjomba. Hawa alikuwepo. Uso wake wote ulikuwepo, na bega, na ukingo wa leso yake mpaka chini. Nikatoka nayo inadondosha maji nikampa, naye akaitazama, akasema ni nzuri, akauliza ninadai kiasi gani. Nikamwambia asinitaje pesa, tafadhali.